Ndanda isingoje mfadhili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwajibu wapenzi wenzangu wa Ndanda FC wanaodai kuwa bila mfadhili kutoka Dar es Salaam hatuna letu. Hunitajia Namungo ya Ruangwa iliyopanda Ligi Kuu 2019. Sawa. Lakini sisi tulipanda 2014, tukashuka 2020. Katika miaka hiyo, Simba au Yanga walipokuja Nangwanda Sijaona uwanja ulifurika, ila wengi wetu tulivaa rangi za wageni! (Mimi pia nilivaa nyekundu.) Nashauri kila mwanachama alipe ada mara tu apatapo fedha za korosho, na hesabu zibandikwe uwanjani tuzione.

Mpenzi wa Ndanda,
Msimbati, Mtwara.