Mguu Ulioteguka Usikandwe Siku Hiyo Hiyo

Mchezaji ameruka kupiga kichwa, ametua vibaya, mguu umepinda kwa ndani. Kabla hajatolewa uwanjani ameshapata waganga watatu: mmoja anamvuta vidole, mwingine anataka maji ya moto na chumvi, wa tatu ameshika chupa ya dawa ya kuchua. Wote wana nia njema. Lakini sisi wa tiba ya viungo tunawapokea mara kwa mara watu walioumia mara mbili, kwanza uwanjani, halafu mikononi mwa mkandaji.

Kifundo cha mguu hushikiliwa na ligamenti, yaani nyuzi ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa. Upande wa nje ziko tatu, na ile ya mbele ndiyo dhaifu zaidi. Mguu ukipinda kwa ndani, hiyo ndiyo huanza kuchanika, pamoja na mishipa midogo ya damu iliyo jirani. Damu na maji hujikusanya, mguu unavimba. Ukiukanda kwa nguvu saa hizo unaendeleza kuchana kilichokwisha kuchanika, na maji ya moto hutanua mishipa ambayo bado inavuja. Kuvuta ni kubaya zaidi, kwa sababu hujui kama mfupa umevunjika. Kwa siku mbili tatu za mwanzo, acha kabisa.

Utajuaje basi kama ni kuteguka tu? Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, Kanada, wakiongozwa na Ian Stiell, walitoa kanuni za kuamua nani apigwe eksirei. Bonyeza mfupa wenyewe, si nyama iliyovimba. Anza na ukingo wa nyuma wa mifupa miwili inayochomoza kwenye kifundo, wa ndani na wa nje, kuanzia ncha yake ya chini hadi sentimeta 6 kwenda juu. Kisha bonyeza mfupa uliojitokeza katikati ya ukingo wa nje wa unyayo, kwenye mstari wa kidole kidogo, na mfupa wa upande wa ndani mbele kidogo ya kifundo. Mwisho, mwambie atembee hatua nne, kuchechemea kunaruhusiwa. Sehemu mojawapo ikiuma inapobonyezwa, au akishindwa hatua nne, nendeni mkapige picha. Vyote vikiwa salama, uwezekano wa kuvunjika ni mdogo sana. Kipimo hiki usikitegemee kwa mlevi, wala kwa mgonjwa wa kisukari ambaye miguu yake imekufa ganzi. Mtoto naye apelekwe kwa daktari mapema, maana mifupa yake ina sehemu laini za kukulia ambazo huweza kuachia kabla ya ligamenti.

Mguu uliopinda umbo, wenye jeraha linaloonyesha mfupa, au uliopoa na kufa ganzi, hauhitaji kipimo chochote. Utulize kama ulivyo na mwahi hospitali.

Nyumbani, pumzika, weka mguu juu ya mito upite usawa wa moyo, na funga bandeji ya kuvutika kuanzia karibu na vidole kwenda juu. Vidole vikibadilika rangi au kufa ganzi, legeza mara moja. Nasisitiza hili kwa sababu kuufunga mguu kwa vijiti na kuukaza mno kumewahi kuwapotezea watu miguu. Barafu ifunge kwenye kitambaa, dakika 15 zinatosha. Hupunguza maumivu, ila haiharakishi kupona. Hata Gabe Mirkin, daktari wa Marekani aliyeieneza mwaka 1978, baadaye aliacha kuihimiza kama zamani.

Wengi hukosea zaidi baada ya hapo. Uvimbe ukishuka, wanarudi uwanjani, na mguu ule ule unateguka tena. Maumivu yakianza kupungua, anza kuuchezesha: chora herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu, mara kadhaa kwa siku. Ukiweza kuukanyagia bila shida, simama kwa mguu huo mmoja unapopiga mswaki, kwanza macho wazi, baadaye umeyafumba huku ukuta ukiwa karibu. Zoezi hilo hurudisha uwezo wa kifundo kujihisi kilipo, uwezo unaopungua ligamenti inapochanika. Usirudi mpirani mpaka uweze kuruka kwa mguu huo peke yake, kukimbia na kukata kona bila maumivu. Kwa mtu aliyechanika kweli, hiyo ni kazi ya wiki kadhaa, na kocha anayemharakisha aambiwe hivyo.