KADIRIO NA ITHIBATI: ISTILAHI ZA TAMATI YA SATARANJI KATIKA KOMPYUTA

Mfasiri apewapo habari isemayo kuwa kompyuta "imeamua" kwamba mchezo fulani wa sataranji ni sare, hana budi kuuliza kwanza: imeamua kwa njia gani? Kompyuta hutoa majibu ya namna mbili, nayo hayana uzito mmoja. Kiswahili kinayo maneno ya kuyatenganisha, na katika makala haya tunapenda kueleza jinsi yafaavyo kutumiwa, hasa katika tamati, yaani sehemu ya mwisho ya mchezo ambapo kete chache tu zimesalia ubaoni.

Namna ya kwanza ni kutazama mbele. Programu hujaribu hatua zilizo halali, kisha majibu ya mpinzani, kisha majibu ya majibu hayo, mpaka ifike kina fulani. Hapo huacha kuhesabu na kuipima hali ya ubao kwa tarakimu. Kwa desturi kipimo ni kitunda, kete iliyo dhaifu kuliko zote: farasi na askofu huhesabiwa vitunda 3 kila mmoja, ngome 5, malkia 9. Jibu lipatikanalo hivi ni kadirio. Aghalabu huwa sahihi, lakini halijathibitishwa. Baadhi ya waandishi huiita programu ya aina hii "injini". Kwa kuwa neno hilo limekwisha shikamana na magari na mitambo, twaona heri kusema programu ya sataranji.

Namna ya pili huanzia mwisho. Kompyuta huorodhesha hali zote ambamo mfalme amekwisha kunaswa, halafu hurudi nyuma hatua moja moja, ikiandika ni hali zipi zielekeazo huko na kwa hatua ngapi. Hali ambazo upande wowote hauwezi kulazimisha ushindi huandikwa kuwa sare. Kazi hii twapendekeza iitwe uchanganuzi wa kinyumenyume, na orodha itokanayo nayo iitwe jedwali la tamati. Jibu la jedwali ni ithibati. Mwaka 2012 majedwali ya tamati za kete 7 yalikamilishwa kwa kompyuta kuu ya Chuo Kikuu cha Moscow. Zikizidi hapo, kwa kawaida mchezaji hubaki na kadirio.

Mfano mmoja utaonyesha uzito wa tofauti hii. Mwaka 1851 Kling na Horwitz walieleza jinsi mwenye farasi mmoja awezavyo kujikinga dhidi ya maaskofu wawili, na kwa zaidi ya karne moja mabingwa walishika kwamba tamati hiyo ni sare. Mwaka 1983 Ken Thompson, wa maabara ya Bell nchini Marekani, alitengeneza jedwali lake. Ikadhihirika kuwa mwenye maaskofu hushinda katika hali nyingi, ingawa pengine huhitaji hatua 66.

Hapa pana mtego kwa mfasiri. Kanuni humruhusu mchezaji kudai sare iwapo hatua 50 za kila upande zimepita bila kete kuliwa wala kitunda kusogezwa. Hivyo hali moja yaweza kuwa ushindi kwa jedwali na sare kwa kanuni. Twapendekeza kutofautisha ushindi wa hesabu na ushindi wa kanuni.

Kuna pia hali zisizo za kawaida ambamo kadirio hupotoka sana. Mwaka 2017 taasisi yenye jina la Roger Penrose, mwanahisabati wa Uingereza, ilitangaza fumbo ambamo Mweupe ana mfalme na vitunda 4 tu, na Mweusi ana malkia, ngome 2 na maaskofu 3. Programu zilimpa Mweusi ushindi. Lakini maaskofu wote watatu wamo katika miraba myeusi, na kete zake nyingine zimebanwa nyuma ya vitunda. Mfalme mweupe akitembea katika miraba myeupe tu, hanaswi, na mchezo huwa sare. Kinga ya namna hii katika lugha kadhaa huitwa kwa jina lenye maana ya "ngome". Kwetu jina hilo tayari ni la kete, na mwanafunzi atakayesoma kuwa "Mweupe ana ngome" ataitafuta ubaoni asiione. Twapendekeza boma.

Kwa ufupi, vitenzi vitatu visichanganywe: programu hukadiria, jedwali huthibitisha, mwamuzi huamua. Mwalimu akiandika kuwa kompyuta "imeamua" pale ilipokadiria tu, mwanafunzi hataliuliza tena jibu hilo. Wasomaji wenye maneno bora zaidi, hasa wale wachezao sataranji, bao au drafti, wanakaribishwa kutuandikia.