Gari-nyumba la dola laki nne, upepo wa kubahatisha

Marekani hairuhusu gari dogo jipya, hata lile la bei ya chini kuliko yote, liuzwe bila taa ya kumwonya dereva kwamba tairi linapungukiwa upepo. Ndivyo ilivyo tangu Septemba 2007. Lakini gari-nyumba la urefu wa mita 12, lenye jiko, bafu na kitanda kipana, ambalo bei yake yaweza kupita dola 400,000, linaruhusiwa kutoka kiwandani bila taa hiyo, na mtengenezaji hana kosa lolote.

Mpaka huo ulichorwa kwa sababu ya kisa cha gari la aina nyingine kabisa. Mwaka 2000 matairi ya Firestone yaliyofungwa kwenye Ford Explorer yalikuwa yakichanika mwendoni na magari yakipinduka. Agosti mwaka huo kampuni ikatangaza kuyarudisha matairi yapatayo milioni 6.5, na hatimaye NHTSA, mamlaka ya shirikisho ya usalama barabarani, ikayahusisha na vifo 271. Bunge likapitisha sheria iitwayo TREAD, Rais Bill Clinton akaitia saini tarehe 1 Novemba 2000, na kutokana nayo ikazaliwa kanuni namba 138 ya mifumo ya kufuatilia upepo wa matairi. Kanuni hiyo inagusa magari ambayo uzito wake pamoja na mzigo hauzidi kilo 4,536, na inaliacha nje gari lolote lenye matairi pacha kwenye ekseli. Gari-nyumba la ukubwa wa kati lililojengwa juu ya chasi ya Ford E-450 linaruhusiwa uzito wa takriban kilo 6,580, na nyuma lina matairi pacha. Limeponyoka kanuni mara mbili.

Ajabu ni kwamba hayo matairi pacha ndiyo yanayohitaji kuangaliwa kuliko yote. La ndani likiisha upepo, la nje hubeba mzigo wa yote mawili. Gari linabaki limenyooka, usukani hauyumbi, na dereva aliyekaa mita kadhaa mbele hana habari. Tairi lililolegea hujikunja na kujikunjua kila mzunguko, joto linapanda, mpira unaachana na nyuzi zake, na wakati mwingine moto hushika. Mwenzake naye, aliyebebeshwa kuliko uwezo wake, anafuata. Yakipasuka, mapande ya mpira na waya hupiga sakafu, mabomba ya maji, nyaya za umeme, hata bomba la gesi ya kupikia. Tairi moja la inchi 22.5 laweza kupatikana kwa dola 500 hadi 800, lakini bodi ya faibaglasi iliyochanwa hugharimu zaidi ya hapo, kabla hata hujalipia gari la kukokota jumba zima hadi gereji.

Utingo wa lori la Dar es Salaam hadi Tunduma hugonga tairi moja moja kwa chuma gari linaposimama, akisikiliza linavyolia. Mstaafu wa Arizona anayezunguka nchi na mkewe hana utingo. Na hata angekuwa naye, mlio hutofautisha tairi lililo hai na lililokufa. Hauwezi kutofautisha psi 100 na psi 85, na hapo ndipo uharibifu unapoanzia. Viwanda vya matairi huhesabu tairi la gari kubwa lililoendeshwa likiwa chini ya asilimia 80 ya upepo wake kuwa sawa na lililoendeshwa bila upepo: lishushwe, likaguliwe ndani na nje kabla ya kujazwa tena. Kanuni ya magari madogo inataka taa iwake upepo ukishapungua kwa asilimia 25. Kwa gari zito, kufika hapo ni kuchelewa. Ndiyo maana mifumo ya kununua dukani humwachia mwenye gari apange mwenyewe kiwango cha kengele, na wengi hupanga pungufu ya asilimia 10 au 15.

Wanaopinga ununuzi huo husema geji nzuri na nidhamu ya asubuhi vinatosha. Kwa vani ndogo ni kweli, na nyingi za vani hizo tayari zina mfumo uliotoka na chasi, kwa hiyo mwenye nazo asidanganywe na muuza vifaa. Kwa pacha, hoja hiyo haisimami. Geji husema habari za saa moja asubuhi, wakati msumari huingia saa nane mchana. Tena Wamarekani wengi hukokota gari dogo nyuma ya gari-nyumba. Tairi la gari hilo likiisha upepo, injini ya dizeli iliyo mbele yake haitahisi chochote, na litaburutwa kwa rimu mpaka dereva mwingine apige honi.

Kisa cha tairi la Goodyear G159 kinaonyesha pesa iko upande gani. Lilitengenezwa kuanzia 1996 hadi 2003, awali kwa ajili ya magari ya kusambaza bidhaa mijini, kisha likafungwa kwenye magari-nyumba makubwa ambayo kazi yake ni kukimbia barabara kuu kwa saa nyingi. NHTSA ilifungua uchunguzi mwishoni mwa 2017, na mwaka 2022 ikaitaka kampuni iyarudishe, ikiyahusisha na vifo 8 na majeruhi 69 kati ya 1998 na 2009. Goodyear ilikana kwamba tairi lilikuwa na kasoro. Hata hivyo, Juni 2022 ilikubali kurudisha matairi yapatayo 173,000, kwa maelezo kwamba hatari hutokea yanapobebeshwa kupita kiasi au yanapoendeshwa na upepo pungufu. Kwa maneno mengine, mwenye gari alipaswa kujua uzito wake na upepo wake. Mtu akipewa jukumu la namna hiyo bila chombo cha kulitekelezea, ataenda kukinunua, na wapo waliojipanga kumuuzia.

Soko lao limekua nje ya milango ya viwanda. TireMinder, TST na EEZTire ni majina yanayojulikana kwenye kambi za magari-nyumba, na Lippert, muuza vipuri mkubwa wa Elkhart, Indiana, ana mfumo wake uitwao Tire Linc. Seti ya vihisi sita na skrini huuzwa, kwa makadirio, dola 200 hadi 500. Elkhart na miji jirani ndiko yanakounganishwa magari mengi ya starehe ya Amerika Kaskazini, na biashara hiyo hupanda na kushuka kwa kasi: mwaka 2021 viwanda vilipeleka sokoni magari na trela 600,240, rekodi ya historia; mwaka 2023 vikapeleka 313,174. Mauzo yakipungua hivyo, mhasibu wa kiwanda haongezi kifaa ambacho sheria haijakidai.

Mnunuzi ana uchaguzi wa aina mbili. Kuna vihisi vinavyofungwa juu ya valvu kama kifuniko, vyepesi kufunga, ambavyo betri zake ndogo hubadilishwa kila baada ya mwaka mmoja hivi. Vingine hukaa ndani ya rimu. Hivyo hudumu miaka mingi na haviibiwi, lakini tairi lazima litolewe ili kuvifunga. Kosa la kawaida ni kukiweka kihisi kizito kwenye valvu ya mpira. Valvu hutikisika, hupata ufa, na kifaa kilichonunuliwa kulinda upepo kinakuwa ndicho kinachoutoa. Valvu za chuma ni gharama ya ziada ambayo matangazo huitaja kwa herufi ndogo. Gari refu nalo huhitaji kifaa cha kuongeza nguvu ya mawimbi ili habari za nyuma zifike mbele.

Skrini nayo inahitaji msomaji anayeielewa. Upepo hupangwa tairi likiwa baridi. Aliyepima psi 100 alfajiri atakuta 115 mchana wa joto, na hiyo si hitilafu. Wanaoshtuka na kupunguza upepo huamka kesho yake tairi likiwa halina nguvu ya kubeba mzigo.

Na kuna mambo ambayo kihisi hakiyaoni kabisa. Hakijui kwamba kabati limejaa makopo na tangi la maji limefurika, kwa hiyo tairi lenye psi iliyoandikwa kwenye kibandiko linaweza kuwa bado limezidiwa. Mizani ya vituo vya malori hupima kila ekseli kwa bei isiyofika dola 20, na kwa maoni yangu hiyo inatangulia kununua kihisi chochote. Umri nao hauonekani kwenye skrini. Magari-nyumba hukaa yameegeshwa miezi mingi, matairi yakizeeka huku kashata zikiwa nzima. Tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni husema wiki na mwaka wa kutengenezwa. Michelin hushauri ukaguzi wa fundi kila mwaka baada ya miaka 5 na kuyaondoa yote yakifika 10, hata kama yanang'aa. Tairi zee likipasuka ubavu, kengele italia sambamba na mlipuko.

Ulaya imeliondoa swali hili mikononi mwa mnunuzi. Kanuni 2019/2144 ya Umoja wa Ulaya imeupanua wajibu wa kuwa na mfumo huo kutoka magari madogo hadi vani, malori, mabasi na trela nzito: miundo mipya kuanzia Julai 2022, na magari mapya yote kuanzia Julai 2024. Vani kama Fiat Ducato, ambazo ndizo msingi wa magari-nyumba mengi ya huko, zimo. Thor Industries ya Elkhart inaifahamu kanuni hiyo vizuri, kwa kuwa mwaka 2019 ilikamilisha ununuzi wa Erwin Hymer Group ya Ujerumani. Ng'ambo moja ya Atlantiki wajibu unakuja na chasi. Ng'ambo ya nyumbani kwake, wenye matairi pacha bado wanachagua kifaa hicho dukani.