Si Kila Jokofu Bovu Limeishiwa Gesi



Katika nyumba nyingi jokofu si pambo. Ndilo linalotunza samaki, maziwa ya mtoto na, kwa wengine, dawa ya insulini ya mgonjwa wa kisukari. Mama anayeuza barafu na juisi hulitegemea kwa ada ya shule. Kwa hiyo likianza kupiga kelele au kupoteza ubaridi, watu hushtuka, na fundi wa kwanza kutamka kwamba "gesi imekwisha" huaminiwa na kulipwa. Leo tuitazame kauli hiyo.

Gesi ya jokofu haiishi kama mafuta ya taa ndani ya jiko. Imefungiwa katika mabomba, nayo huzunguka humo humo miaka nenda miaka rudi. Kompresa, ile mashine nyeusi iliyo chini upande wa nyuma, huisukuma. Gesi hufyonza joto la ndani na kwenda kulitoa nje. Ikipungua, maana yake imevuja. Kujaza nyingine bila kuziba tundu ni sawa na kutia maji kwenye pakacha.

Basi kabla ya kumwita fundi, tusikilize kwanza. Mngurumo mdogo wa kompresa, sauti kama ya maji yanayochemka, na mlio wa plastiki inayotanuka au kusinyaa ni mambo ya kawaida. Jokofu likitetemeka na kugongagonga, huenda halikukaa sawa sakafuni au mabomba yake yanagusa ukuta. Lisogeze kidogo, rekebisha miguu yake, na mara nyingi kelele itakwisha.

Mlio wa kuhadharisha ni huu: kompresa inanguruma sekunde chache, inalia "ta", inanyamaza, kisha inarudia baada ya muda. Hapo inashindwa kuwaka. Huenda umeme ni mdogo. Hapa Tanzania umeme wa nyumbani ni volti 230; ukishuka mno, kompresa hupata moto bila kuzunguka na mwishowe huungua. Chomoa plagi mara moja. Ikiwa umeme ni mzuri na hali ni ile ile, mwambie fundi akague kwanza kiwashio chake, kifaa kidogo ambacho bei yake haifiki hata karibu na ya kompresa. Na umeme ukikatika ukarudi, subiri kama dakika 5 kabla ya kuliwasha, ili msukumo wa gesi ndani ya mabomba utulie.

Jokofu likinguruma mchana kutwa bila kupoza, tazama raba ya mlango. Bana noti kati ya raba na fremu. Ikichomoka bila kushikwa, raba imechoka au imechafuka. Chomoa plagi, kisha ondoa vumbi kwenye mabomba ya nyuma kwa brashi kavu. Acha nafasi ya hewa kupita, wala usiingize sufuria ya moto. Maji yakituama chini ya droo ya mboga, kitundu cha kupitishia maji kimeziba. Kizibue kwa maji ya uvuguvugu.

Barafu ikiganda nene, zima jokofu na uiache iyeyuke yenyewe. Msitumie kisu, ndugu zangu. Kisu hicho ndicho hutoboa bomba la alumini, na hapo gesi hutoka kweli kweli.

Ikibidi kujaza gesi, muulize fundi mambo mawili: tundu liko wapi, na ni gesi gani? Gesi ya zamani, R12, iliachwa chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 kwa kuwa inaharibu tabaka la ozoni. Majokofu mengi mapya hutumia R600a, ambayo hushika moto, hivyo si kazi ya mtu wa kubahatisha. Aina ya gesi imeandikwa kwenye kibandiko cha jokofu lenyewe.

Wakati wa kusubiri matengenezo, hamishieni dawa kwa jirani: insulini ambayo haijafunguliwa hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, na isigande kamwe. Nyama na maziwa visiachwe ndani ya jokofu lililopata joto kwa matumaini kwamba litapona.

Fundi mwema hakasirishwi na swali. Anayekasirika, mwacheni apite.

Hadi juma lijalo, kwaherini.