Mizigo Kwanza, Abiria Baadaye

Barabara ya Dodoma–Iringa inapita juu ya bwawa la Mtera, nayo ni lami inayomshawishi mtu aongeze mwendo. Kwa kijana wa hapo chombo cha kwanza si gari. Ni pikipiki ya bosi, na bosi anasubiri hesabu kila jioni.

Hapo ndipo hoja ya leseni kwa hatua inapokuwa ngumu. Nyuzilandi iliianza 1987. Kwanza unajifunza ukiwa na msimamizi. Kisha unaendesha peke yako, ila si kati ya saa 4 usiku na saa 11 alfajiri, wala hupakii watu bila msimamizi. Leseni kamili huja mwisho. Florida ikafuata 1996, na majimbo mengine ya Marekani baada yake. Watafiti huko walikuta kwamba hatari ya dereva wa miaka 16 au 17 hupanda kwa kila kijana mwenzake anayeingia garini, na giza huizidisha. Ndiyo maana sheria haikumnyima usukani. Ilimwondolea usiku na marafiki mpaka azoee.

Sisi nasi tuna ngazi, lakini inapima ukubwa wa chombo. Gari ni miaka 18. Anayetaka basi la abiria 30 na zaidi sharti awe amekaa na daraja C1 au E kwa miaka 3. Hata usiku tumewahi kuuogopa, kwa mabasi: safari zao za usiku zilizuiwa miaka mingi hadi 2023. Dereva mzoefu wa basi alilazwa njiani, huku kijana aliyejifunza pikipiki juzi akipita gizani.

Na bodaboda ni kazi ya abiria na usiku hasa. Kuna anayeshuka basi saa 3 usiku, kuna wawili wanaotaka kupanda mshikaki ili wagawane nauli. Mbele kuna ng'ombe wanaovuka, au lori bovu lililowekewa matawi ya miti barabarani badala ya taa.

Tukiinakili Nyuzilandi neno kwa neno, tutakuwa tumemfukuza kijana kazini, naye ataendelea kwa kujificha. Mimi ningeanza na mizigo: miezi ya mwanzo, mchana tu, gunia la mahindi au ndoo za perege, bila mtu nyuma. Gunia lina uzito wa kumfundisha breki na kona, na halimwambii "kimbiza, nimechelewa".

Mwenye pikipiki atalalamika kwamba mizigo ya mchana haitimizi hesabu. Basi hesabu ya miezi hiyo ipunguzwe, na iandikwe kwenye mkataba. Trafiki hawezi kukesha Mtera akikagua, lakini mwenyekiti wa kijiwe anamjua kila aliyeanza kazi, na zamu ya kupakia abiria anaipanga yeye.