Kwa Nini Tulimwita Mtu wa Nje Akague Kompyuta za Ofisi ya Nzuguni



Katika mikutano miwili ya kanda tumeulizwa swali lile lile, tena kwa kuguna: kwa nini ofisi ilitumia fedha kumlipa mtaalamu wa kompyuta kutoka nje wakati kuna visima vinavyosubiri pampu? Swali hilo ni la haki, na tumeona tulijibu kwa kirefu katika toleo hili.

Jambo lenyewe lilianzia kwa mweka hazina wa parokia mojawapo. Alipokea barua pepe yenye jina la mhasibu wetu, nembo yetu, na hata aina ya salamu anayopenda kuiandika mhasibu huyo. Ilimwomba apeleke mchango wa wananchi wa mradi wa maji kwenye akaunti mpya, kwa maelezo kwamba ile ya zamani inafanyiwa ukaguzi. Kila Mtanzania mwenye simu anaujua ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na wengi tumezoea kuufuta huku tukicheka. Huu ulikuwa tofauti. Ulitaja mradi kwa jina lake, na kiasi cha fedha hadi shilingi ya mwisho.

Mzee yule hakutuma. Alipiga simu. "Mama, habari za kazi. Hii akaunti mpya mmeifungua lini?" Mhasibu akajibu, "Shikamoo mzee. Akaunti ipi tena?"

Fedha zikasalimika. Lakini ofisini lilibaki swali lililotunyima usingizi: aliyeandika ujumbe ule alikijuaje kile kiasi?

Kwanza tulijikagua wenyewe. Kijana anayetutengenezea printa alipitisha programu ya kuzuia virusi kwenye kompyuta zote, akasema hakuna kitu. Hatumlaumu. Nyani haoni kundule, na aliyeuweka mtandao ni vigumu kuutazama kwa macho ya mgeni: neno la siri ambalo yeye mwenyewe alilitoa analiona la kawaida, na waya alioupitisha dirishani kwa haraka ameshausahau. Kwa upande wa fedha hatujawahi kuridhika mhasibu ajikague mwenyewe. Kila mwaka huja mkaguzi wa hesabu kutoka nje, nanyi wafadhili mnaidai taarifa yake kabla ya kutoa fedha za mwaka unaofuata. Siku hizi fedha hizo hizo zinapita ndani ya kompyuta, pamoja na majina, picha na historia za watoto wanaosomeshwa na mradi.

Wala hatukuwa wa kwanza kufikiwa. Mwaka 2017 shirika la Save the Children la Marekani lilitapeliwa karibu dola milioni 1, baada ya mtu kuingia kwenye barua pepe ya mfanyakazi na kuandaa ankara za uongo za mitambo ya umeme wa jua kwa ajili ya vituo vya afya nchini Pakistan. Bima ndiyo iliyorudisha sehemu kubwa ya fedha hizo. Mwaka 2019 Parokia ya Mtakatifu Ambrose huko Brunswick, jimbo la Ohio, ilikuwa inakarabati kanisa. Mkandarasi akapiga simu kuuliza kwa nini hajalipwa kwa miezi miwili, ndipo ikagundulika kwamba dola milioni 1.75 zilikuwa zimepelekwa kwenye akaunti ya wezi, waliokuwa wameingia katika barua pepe za parokia. Fikirini kamati ya ujenzi ya kwenu ikipokea simu kama hiyo.

Kuna na kisa cha Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Januari 2022 ilitangaza kwamba wadukuzi wamezifikia taarifa za watu zaidi ya 515,000, wakiwemo waliopotezana na ndugu zao kwa sababu ya vita na majanga. Wadukuzi hao walikuwa ndani tangu tarehe 9 Novemba 2021, miezi miwili na zaidi, kwa kupitia udhaifu wa programu moja ambao haukuwa umezibwa kwa wakati. Waliogundua kasoro ni wataalamu wa kampuni ya nje iliyopewa mkataba wa kusaidia ulinzi wa mitambo. Tuliposoma hayo ndipo bodi ikakubali.

Wenyeji wa Nzuguni mtakumbuka pia jinsi mahali petu palivyobadilika. Zamani ukitoka ofisini kwenda viwanja vya Nanenane ulipita vichaka na mashamba ya uwele. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, viwanja vimepimwa, nyumba zimejengwa hadi kwenye ukuta wetu, na stendi kuu ya mabasi pamoja na soko la Job Ndugai vimeleta wageni wa kila siku. Mtandao usiotumia waya haujui mpaka wa kiwanja. Mkaguzi alikaa kwenye benchi la mama lishe nje ya geti, akanywa chai, na kompyuta yake ikaukamata mtandao wetu vizuri kuliko inavyoukamata kompyuta ya mratibu iliyoko chumba cha mwisho.

Sasa tueleze namna kazi yenyewe ilivyofanyika, maana kamati nyingine zimesema zinataka kuiga. Tulitafuta watu watatu wenye sifa. Hapa Dodoma si vigumu kuwapata, kwani Chuo Kikuu cha Dodoma kinafundisha fani ya usalama wa mtandao, na Tume ya TEHAMA inasajili wataalamu. Mmoja alikuwa na duka la kamera na ruta, tukamshukuru na kumwacha. Anayeuza dawa asiwe ndiye anayepima ugonjwa. Kisha tuliandika hadidu za rejea, kurasa mbili tu. Zilitaja kompyuta zipi zitakaguliwa na kwa siku ngapi, na kwamba hatazima kitu wakati wa saa za kazi bila kutuarifu. Zilimkataza kutoka nje ya ofisi na nakala yoyote ya mafaili ya watoto. Tovuti yetu inatunzwa kwenye mitambo ya kampuni nyingine, hivyo hakuruhusiwa kuigusa mpaka kampuni hiyo ikubali kwa maandishi. Mifumo ya benki haikuhusika kabisa, kwa sababu si yetu kuiruhusu.

Mwenyekiti wa bodi alisaini barua ya ruhusa, na mkaguzi akasaini mkataba wa kutunza siri. Barua hiyo si urasimu. Chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kuingia kwa makusudi katika mfumo wa kompyuta bila ruhusa ni kosa la jinai, na mkaguzi asiyekuwa na karatasi mkononi hana cha kumtofautisha na mwizi. Anayekuja kwenu akisema ameshaupima mtandao wenu na kukuta matundu, kisha anataka alipwe, msimpe kazi.

Yeye alifuata mwongozo uitwao SAFETAG, ulioandaliwa na shirika la Internews kwa ajili ya asasi ndogo, ambao unapatikana bure. Tulidhani atajifungia na mashine. Badala yake nusu ya muda aliutumia kuzungumza na watu: mlinzi, mhudumu, mhasibu, madereva. Aliuliza nani hufungua ofisi asubuhi, flashi huwekwa wapi, na mtu akiacha kazi nani humfutia akaunti yake. Baadhi yetu tuliona aibu kujibu. Lakini mficha uchi hazai, na mratibu alituagiza tuseme kweli, akaahidi kwamba hakuna atakayeadhibiwa kwa alichokisema mwenyewe.

Aliyoyakuta tunayataja bila kupamba. Neno la siri la mtandao lilikuwa lile lile tangu siku ulipofungwa, na lilikuwa limebandikwa ukutani chumba cha wageni. Ruta ilikuwa na neno la siri la kiwandani. Watu watatu waliokwisha kuacha kazi walikuwa bado wanaweza kuingia. Kompyuta mbili zilitumia Windows 7, ambayo watengenezaji wake waliacha kuihudumia Januari 14, 2020, na nyingine zilikuwa na Windows 10, iliyofikia mwisho huo Oktoba 14, 2025. Nakala za akiba zipo, ila diski yake ilikaa juu ya meza ile ile ya kompyuta, hivyo moto au mwizi mmoja angechukua vyote.

Jibu la swali letu lilipatikana kwenye sanduku la barua pepe la ofisi, ambalo watu watano walilitumia kwa neno moja la siri. Ndani yake kulikuwa na agizo lililofichwa la kupeleka nakala ya kila barua yenye neno "malipo" au "akaunti" kwa anwani isiyojulikana. Kingavirusi hakiwezi kuliona hilo, kwa sababu si kirusi. Ni mpangilio halali wa barua pepe uliowekwa na mtu asiye halali.

Lililotugusa zaidi ni la watoto. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inazihesabu taarifa za watoto kuwa taarifa nyeti. Sisi tulikuwa tukizibeba kwenye flashi isiyo na kufuli, kwenye mkoba, ndani ya daladala.

Marekebisho mengi hayakugharimu fedha. Kila mfanyakazi sasa ana anwani yake, na kuingia kunahitaji neno la siri pamoja na namba inayokuja kwenye simu. Wageni wana mtandao wao pekee. Diski ya akiba inafungiwa jengo jingine. Kilichohitaji fedha ni kompyuta za kubadilisha, na bodi imezigawa katika bajeti za miaka miwili. Tunakiri kwamba flashi bado zinatusumbua. Mazoea ya vijijini, ambako intaneti ni ya kubahatisha, hayaondoki kwa tangazo.

Taarifa kamili ya mkaguzi haitatumwa kwa barua pepe kwa mtu yeyote, kwa kuwa ni ramani ya matundu yetu. Wenyeviti wa kamati na wawakilishi wa wafadhili wanaweza kuisoma ofisini. Muhtasari usio na maelezo ya kiufundi unapatikana kwa mratibu. Mkaguzi atarudi baada ya miezi sita kuhakiki yale tuliyosema tumeyarekebisha.

Kwa waweka hazina wote: ofisi haitabadilisha akaunti ya benki kwa barua pepe wala kwa ujumbe wa simu. Mabadiliko yakiwepo, yataletwa kwa barua yenye mhuri mikononi mwa mratibu wa kanda. Hata hapo pigeni simu kwanza, kwa namba mliyokuwa nayo tangu awali, siyo ile iliyoandikwa kwenye barua.