Wanafunzi wa Sheria na Deni la Wananchi

Mwezi wa Oktoba mwaka 1961, Uhuru wa Tanganyika ukiwa bado majuma machache kutimia, masomo ya chuo kikuu yalianza kwa mara ya kwanza katika nchi yetu. Somo lililotangulia lilikuwa sheria, na madarasa yake yalikuwa ndani ya jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Hadi chuo kilipohamia Mlimani mwaka 1964, vijana wale walijifunza sheria chini ya paa la chama cha wananchi.

Hatuyakumbushi hayo kwa kujisifu. Twayakumbusha kwa sababu deni halifutwi na umri. Elimu ya sheria ilianzia mlangoni pa mfanyakazi na mkulima. Yafaa basi irudi mlangoni pale pale.

Haja ipo, na ni kubwa. Chukua habari ya mfanyakazi aliyeachishwa kazi bila haki. Kwa kanuni zilizotolewa mwaka 2007, yampasa apeleke shauri lake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi katika muda wa siku 30. Je, ni wangapi viwandani na mashambani wanaoijua hesabu hiyo? Mwajiri humwambia njoo kesho, njoo Jumatatu, naye kwa uungwana wake huenda na kurudi. Siku ya thelathini na moja anapoamka kudai, huambiwa amechelewa. Tume yaweza kumwongezea muda akitoa sababu za kutosha, lakini hata kuandika sababu hizo kwataka mtu ajuaye. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kijijini nako hali ni hiyo hiyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imekataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi pasipo idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mwanakijiji asiyeijua ibara hiyo huyatazama mashamba yakigawiwa, akadhani ndivyo Serikali ilivyoagiza.

Basi kazi tunayomtakia mwanafunzi wa sheria wakati wa likizo ndiyo hii: akae kwa muda katika ofisi ya chama cha wafanyakazi, au kwa wasaidizi wa kisheria wa wilayani, afanye utafiti. Apange mikataba na barua kwa tarehe zake. Atafute kifungu kinachohusika, na hukumu zilizokwisha kutolewa katika mashauri ya namna ile. Hukumu nyingi za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zasomeka leo bila malipo katika intaneti, lakini nyingi za miaka iliyopita zimeandikwa kwa Kiingereza. Tangu mwaka 2021 Kiswahili kimewekwa na sheria kuwa lugha ya mahakama zetu. Ni nani wa kumfasiria mzee wa kijijini hukumu za zamani, kama si kijana aliyesomeshwa?

Wako wasemao kwamba mwanafunzi hajaiva. Ni kweli, na ndiyo sababu hatumwombi asimame mahakamani wala ajiite wakili, jambo ambalo sheria yenyewe yamkataza. Afanye kazi chini ya taasisi iliyosajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na kila karatasi aiandikayo isomwe kwanza na wakili au mwalimu wake. Siri za watu azitunze. Na aondokapo, awaachie wenyeji maelezo kwa Kiswahili safi, ili shauri la pili lisianzie gizani.

Wala jambo hili si geni. Walimu na wanafunzi wa sheria wa Dar es Salaam walianzisha kamati ya msaada wa kisheria tangu mwaka 1967. Tutakalo ni kwamba mwendo huo usikome mjini, bali ufike Kigoma, Mtwara na Simiyu.

Lakini twaonya jambo moja. Kujitolea si kufa njaa. Kijana akiambiwa ajitolee pasipo nauli, malazi wala chakula, watakaokwenda ni watoto wa wenye nacho tu, na mtoto wa mkulima, aijuaye shida ya kwao kuliko wote, atabaki nyuma. Wala asifanywe tarishi wa kutumwa chai na kufuta meza. Wenyeji wampe kazi ya kumfaa, na chuo kiihesabu kazi hiyo kuwa sehemu ya masomo yake.

Kwa hiyo twawaambia ndugu zetu viongozi wa matawi na wa vyama vya wafanyakazi: msingoje kuletewa. Andikeni orodha ya mashauri yanayowasumbua wanachama wenu, tafuteni chumba na meza, kisha wapelekeeni barua wakuu wa vyuo. Sheria iliyofungiwa kabatini haimlindi mtu. Humlinda aijuaye, tena aijuaye kabla siku 30 hazijapita.